Bolti Nane za Bampa ya Theodora

Manase Mazengo alikuwa amechomelea vyuma pale Itigi kwa miaka thelathini na moja, na huu ulikuwa mwaka wa kwanza kwake kutamani wateja wapungue. Asubuhi alifungua gereji, akatandika gunia chini ya kivuli cha bati, akakaa. Akipata geti la kuunga au jembe la kukokotwa na ng'ombe, alifanya. Akiletewa gari, alisema mgongo unamsumbua, akawaelekeza kwa fundi mwingine ng'ambo ya reli. Mgongo ulimuuma kweli, lakini haukuwa mgongo uliomzuia.

Hali hiyo ilianza mwezi wa tatu. Rafiki yake Elisha, aliyesoma naye tangu darasa la kwanza, alikuwa mnunuzi wa asali. Alikuwa na pikapu Landkruza ya zamani, na kwa pikapu hiyo aliingia vichaka vya Itigi mpaka kule ambako warina asali wenyewe huenda kwa baiskeli. Mbele ya gari Manase alikuwa amemfungia bampa nzito ya chuma, yenye winchi ya kujivutia tope likiwa baya. Siku moja ya mvua Elisha alikuta trekta limezama mbugani. Akafunga waya wa winchi kwenye trekta, akamwachia mwenzake usukani, mwenyewe akasimama pembeni akielekeza kwa mkono. Bolti nne za upande mmoja zikakatika kwa mpigo. Bampa ikafunguka kama mlango uliopigwa na upepo, ikampiga. Hospitalini walimkata mguu wa kushoto chini ya goti.

Watu wa Itigi walisema ni ajali. Elisha mwenyewe, Manase alipokwenda kumwona, alisema ni mambo ya Mungu, akageuza mazungumzo akauliza bei ya alizeti. Hakuna aliyemnyooshea Manase kidole, na hilo ndilo lililomchosha zaidi.

Mwezi wa kumi na moja, mvua za kwanza zikiwa bado hazijafika, ile pikapu iliingia uani pake. Aliyeshuka alikuwa Theodora, mke wa Elisha. Baada ya ajali walijaribu kuajiri dereva, naye akaondoka baada ya wiki sita, kwa hiyo sasa Theodora aliendesha mwenyewe. Alikuwa amekonda. Nyuma ya gari, kati ya mapipa matupu ya asali, ilikuwa imelazwa ile bampa.

Walisalimiana, wakaulizana hali za nyumbani. Theodora akasema mvua zinakuja, asali iko kule ndani, na hawezi kuingia kule bila winchi. Anataka bampa ifungwe.

Manase alimjibu kwamba Manyoni kuna mafundi vijana wenye mashine nzuri kuliko zake. Theodora akasema ametoka huko.

"Wawili nimewauliza kwa nini bampa ilitoka," alisema. "Wote wameniambia bahati mbaya. Sasa shemeji, mimi nataka fundi atakayenipa jibu lingine, ndiyo afunge."

Manase alitazama mikono yake kwa muda. Kisha akainuka, akalala chali chini ya gari. Mwisho wa chasisi, pale bampa ilipokuwa imekamatwa, matundu yalikuwa yamevutika yakawa na umbo la yai. Alipitisha kidole ndani ya kila tundu. Alipotoka, alisema matundu hayo hayafai tena. Ataweka vipande vya chuma kinene ndani ya chasisi pande zote mbili, avikamate vizuri, kisha atoboe upya kwa dreli. Lakini bolti za kazi hiyo hapo Itigi hazipo. Itabidi kwenda Singida mjini.

"Kesho alfajiri nitakupitia," Theodora akasema. Hakuuliza zaidi.

Walitoka siku iliyofuata jua likichomoza. Manase alikuwa amebeba mfuko wenye spana ndefu, bomba la kurefushia mpini wake, na kipande cha chuma kinene alichokitoboa usiku uliopita. Mpaka Manyoni hawakuzungumza sana. Theodora aliendesha polepole, mikono yote miwili kwenye usukani, kama mtu aliyejifunza ukubwani. Alieleza kwa kifupi kwamba mtoto wao Peniel anamaliza kidato cha nne, na kwamba Elisha siku hizi halali vizuri, anasema mguu usiokuwepo unamwasha.

Walipoiacha Manyoni nyuma na kushika barabara ya Singida, Theodora akauliza kitu alichokuwa amekibeba tangu nyumbani.

"Shemeji, zile bolti za kwanza ulinunua duka gani? Nisije nikaingia humo humo leo. Na nikimkuta mwenye duka, nina la kumwambia."

Manase alitazama nje. Mawe makubwa na vichaka vikavu vilipita, na kundi la ng'ombe likichungwa kandokando ya barabara. Angeweza kusema amesahau. Katika miezi minane alikuwa ameyaandaa maneno hayo mara nyingi kichwani, na kila mara yalikuwa na mwanzo mrefu. Sasa mwanzo wote ukapotea.

"Hakuna duka," alisema. "Zilikuwa bolti za geti. Nilikuwa nazo kwenye kopo."

Manase akaendelea, maana ilikuwa rahisi kumaliza kuliko kusimama. Akaeleza kwamba siku ile Elisha alifika saa nane mchana, ana haraka, warina asali wanamsubiri, na yeye Manase hakuwa na bolti ngumu. Zile za geti hazikuwa na namba yoyote ya ugumu kichwani, chuma laini, za kukamata bawaba. Alijua. Matundu nayo aliyakata kwa gesi kwa sababu dreli ilikuwa imeungua, yakatoka makubwa. Alimwambia Elisha kwamba zitashika siku chache tu, asivutie kitu kizito, arudi Jumatatu waweke nyingine. Elisha akasema sawa. Hakurudi Jumatatu, wala wiki ile, wala mwezi ule, na yeye Manase, aliyekuwa akilisikia gari hilo likipita karibu kila siku, hakumfuata hata mara moja.

Theodora alipunguza mwendo, akaegesha gari pembeni, akazima injini. Alikaa hivyo akitazama barabara. Lori la mafuta likapita, gari lao likatikisika.

"Elisha hajawahi kuniambia," alisema hatimaye.

"Najua."

"Miezi minane."

Manase alitarajia angefukuzwa ashuke pale pale, na moyoni alikuwa tayari. Angesubiri basi la kurudi. Lakini Theodora alijifuta uso kwa pindo la kitenge, akawasha gari.

"Twende," alisema. "Maduka yasije yakafungwa mchana."

Mjini waliingia maduka mawili bila mafanikio. La kwanza, muuzaji kijana aliwaonyesha bolti zinazong'aa kama vijiko vya harusini, akasema hizo hazishiki kutu milele. Theodora alizipenda. Manase akamweleza kwamba kutoshika kutu ni kitu kimoja na kubeba mzigo ni kitu kingine. Hizo zinafaa tangi la maji. Duka la pili walikuwa na bolti nyeusi za kufungwa kwa ufunguo wa pembe sita, ngumu kupita zote. Hizo nazo alizirudisha mezani. Bampa inagongwa na visiki, inapinda, inatikisika, alisema, na chuma kigumu mno hakijui kuinama, kinakatika bila kuaga. Theodora alisikiliza bila kumtazama usoni. Lakini alisikiliza.

Duka la tatu lilikuwa la Bi Hanifa, karibu na soko kuu. Lilianzishwa na baba wa marehemu mumewe, na Bi Hanifa, ambaye sasa alikuwa ameshapita sabini, alilisimamia mwenyewe akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya kaunta, miguu yake iliyovimba ikiwa juu ya kreti la soda. Walimwamkia, akaitikia marahaba, akauliza wanatoka wapi. Manase alipomweleza anachotafuta, Bi Hanifa alionyesha boksi la tatu kwenye rafu.

Zilikuwa bolti nzuri kwa macho. Kichwani zilikuwa na namba nane nukta nane, kama inavyotakiwa. Fundi yeyote angezichukua. Manase alizigeuza mkononi, akaziweka chini, akauliza kama anaweza kujaribu moja, akiiharibu ataihesabu imenunuliwa.

"Namba huioni, baba?" Bi Hanifa aliuliza, si kwa ukali.

"Naiona, Bi Hanifa. Lakini namba inaweza kupigwa na mtu yeyote."

Nyuma ya duka kulikuwa na meza yenye jiriwa. Manase alikibana kile kipande chake cha chuma, akapitisha bolti, akaweka washa, ile pete bapa ya chuma, na nati, akaanza kukaza kwa spana. Alimwita Theodora aje ashike mpini yeye mwenyewe. Akamwambia akaze taratibu na asikilize kwa mkono. Bolti nzuri, ikifika mahali pake, inakataa. Inakuwa kama umekaza ukuta.

Theodora alikaza. Mpini ukaenda, ukaenda tena. Ulikuwa mzito, lakini ulikuwa unaenda, laini, kama mtu anayekubali kila unachomwambia. Manase akamwambia asimame. Alipoifungua ile nati, ilikuja kidogo kisha ikakwama. Katikati nyuzi za bolti zilikuwa zimevutika, na pale pakawa pembamba kuliko pengine.

Bi Hanifa alikuwa amejikokota akasimama mlangoni. Aliichukua ile bolti akaisogeza karibu na macho. Akaomba ijaribiwe nyingine, huenda hiyo ni moja tu iliyoharibika. Ya pili ikavutika. Ya tatu ikavutika, tena mapema zaidi.

"Nauza hizi tangu Ramadhani ya mwaka juzi," alisema. Akatafuta pa kukaa, akakaa kwenye ndoo ya rangi iliyofunikwa. "Wenye malori wamechukua. Wenye matela ya trekta wamechukua. Mwalimu mmoja wa Ilongero alichukua za bembea ya watoto."

Manase aliutambua uso ule. Alikuwa akiuona kila asubuhi kwenye kioo cha kunyolea. Alitaka kumwambia kwamba yeye hakujua, na asiyejua si sawa na aliyejua, lakini Theodora alikuwa amesimama hapo kati yao naye hakuwa mtu wa kusema hayo mbele yake.

Theodora ndiye aliyezungumza. Alichuchumaa mbele ya yule mama, akamwambia, kwa sauti ya chini kama anayezungumza na mama yake, kwamba wale anaowakumbuka awapigie simu leo. Asingoje kesho. Aanze na mwalimu.

Bi Hanifa alitikisa kichwa kukubali. Aliliteremsha lile boksi kutoka kwenye rafu, akalisukuma kwa mguu mpaka chini ya meza. Kisha akasema kuna droo ambayo hajaifungua siku nyingi, vitu vya zamani vya mzee, vilivyoagizwa kwa ajili ya springi za malori makubwa.

Ilichukua nusu saa kuipata. Ndani, zimefungwa kwenye karatasi iliyojaa grisi, zilikuwemo bolti kumi na moja. Kichwani zilikuwa na alama ya kiwanda na namba kumi nukta tisa, ngumu kuliko nane nukta nane ila si kama zile nyeusi. Zilikuwa ndefu kidogo, na Manase alifurahia hilo: sehemu laini isiyo na nyuzi ingepita katika chuma chote, ili mzigo ukija ubebwe na mwili wa bolti wala si nyuzi zake, maana kwenye nyuzi ndipo bolti inapokatikia. Hakumweleza Theodora haya kwa maneno mengi. Alimwonyesha tu kwa kidole, na Theodora akaelewa.

Moja waliijaribu. Theodora alikaza, mpini ukasimama. Akaegemea kwa uzito wake wote; ukasogea kidogo sana, ukasimama tena. Manase akaweka bomba juu ya mpini, wakasukuma wote wawili. Jiriwa ndiyo iliyoanza kulalamika. Walipofungua, nati ilitoka kwa vidole viwili mpaka mwisho.

Theodora aliishika ile bolti kiganjani kwa muda. "Kitu chenyewe ni hiki tu," alisema, akairudisha mezani.

Walirudi Itigi jioni, na kazi ikachukua siku mbili. Manase alifanya kila kitu polepole. Aliweka vyuma ndani ya chasisi, akatoboa kwa dreli ya kuazima, tundu dogo kwanza kisha kubwa, akipima kila mara mpaka bolti ipite bila kucheza. Washa nene pande zote, nati za kujifunga. Theodora alikuja siku zote mbili, akakaa kwenye gunia akiangalia. Hakuzungumza naye zaidi ya ilivyohitajika. Mchana alileta uji kwenye chupa, akammiminia kikombe, akamimina chake, wakanywa kila mtu akitazama upande wake.

Siku ya pili alasiri, bodaboda ilimleta Elisha. Alishuka kwa magongo, akasimama anahema. Theodora hakungoja akae.

"Kwa nini hukuniambia kuhusu bolti za geti?"

Elisha alimtazama Manase, kisha mkewe. Ilionekana alikuwa ameisubiri siku hii kwa miezi minane, na sasa hakuwa na nguvu ya kuikwepa.

"Aliniambia nirudi Jumatatu," alisema. "Jumatatu nilipita hapa hapa na gari, nikaona anachomelea, nikasema nitarudi kesho. Kila siku nilisema kesho. Ningekwambia ya kwake, ingebidi nikwambie na ya kwangu."

Theodora aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akasema wamemchosha, wote wawili, akaenda kufungua mlango wa gari.

Ilibaki kuijaribu. Nyuma ya gereji palikuwa na kisiki cha mninga ambacho hakuna trekta lililowahi kuking'oa. Manase alifunga waya wa winchi kwenye kisiki, akaweka magogo mbele ya magurudumu yote manne, akamwambia Theodora akanyage breki na kubonyeza kitufe akiwa ndani. Elisha alikalishwa mbali, nyuma ya ukuta wa matofali. Mwenyewe Manase akaenda akasimama mbele kushoto kwa gari, hatua mbili kutoka kwenye bampa. Pale pale ambapo Elisha alikuwa amesimama siku ya ajali.

Theodora alitoa kichwa dirishani.

"Toka hapo, shemeji."

"Nataka kuona zinavyoshika."

"Utaona ukiwa huku. Sibonyezi mpaka utoke."

Manase hakusogea. Alisema, akitazama chini, kwamba fundi anapaswa kusimama kwenye kazi yake. Theodora alizima injini, akachomoa ufunguo, akaufumbata kiganjani.

"Nyumbani kwangu tayari yuko mmoja ninayemvalisha kiatu kimoja," alisema. "Sina nguvu za kuhudumia wa pili, hata kama wewe unaona ungestahili. Mimi nimechoka, Manase. Toka."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina. Manase alisimama kidogo zaidi, kisha miguu ikamchukua yenyewe hadi nyuma ya ukuta, akasimama kando ya Elisha. Elisha akashika mkono wa shati lake, kama mtu anayehofia mwenzake atabadili mawazo.

Injini ikawaka. Waya ukanyooka, ukakakamaa, ukaanza kutoa sauti nyembamba. Gari likainama mbele. Magogo yakalia chini ya magurudumu, kisha gari zima, na breki zake na magogo yake, likaanza kuburuzwa kuelekea kwenye kisiki, inchi kwa inchi, likichimba mifereji ardhini. Theodora aliachia kitufe. Waya ulipolegea, Manase alikwenda na tochi akalala chali. Bolti zote nane zilikuwa mahali pake. Alizijaribu kwa spana moja moja, na kila moja ikamkataa.

Hakufurahi kama alivyodhani angefurahi. Alibaki amelala pale chini, kivuli cha injini kikiwa baridi usoni mwake, akahisi kwamba angeweza kulala usingizi hapo hapo hadi asubuhi.

Alisikia magongo yakija. Elisha aliegemea bodi ya gari, akauliza kama kumekaa sawa. Manase akasema kumekaa sawa. Elisha akasema kuna jambo. Alisikia kwamba mtu asiye na mguu wa kushoto anaweza kuendesha, klachi ikivutwa kwa mkono. Hajui inafanywaje. Theodora hawezi kuendelea hivi, kuendesha, kununua, kupakia, na nyumbani tena.

"Sijawahi kutengeneza kitu kama hicho," Manase alisema kutoka chini ya gari.

"Najua hujawahi. Lakini hii sina haraka nayo. Hata ikichukua mpaka Pasaka."

Theodora alikuwa bado kwenye kiti cha dereva, kichwa amekiegemeza nyuma, macho amefumba. Aliyasikia yote lakini hakufumbua macho.

Manase alitoka chini ya gari taratibu, mkono mmoja kiunoni. Akajipangusa vumbi, akazunguka, akamwomba shemeji yake asogeze miguu. Kisha akapiga magoti mlangoni, akaingiza kichwa na tochi chini ya usukani, akaanza kuifuatilia klachi, kutoka kwenye pedeli kwenda mbele, aone inapoishia.